Mjusi wa Lindi aliyerudi ndani ya belo

Mnyama wa kuchezea hasomwi usoni, husomwa tumboni. Somo hilo nililipata nikiwa nimechuchumaa mbele ya turubai la bluu kwenye soko la Karume, Ilala, Jumamosi moja asubuhi, kijana wa mitumba alipomwaga kiroba cha midoli na kuanza kunadi: "Jero, jero, chagua mwenyewe!" Yalimwagika magari yasiyo na matairi, mikono ya wanasesere, vyombo vya mchezo wa kupikapika, na katikati yake tembo mmoja wa kijivu, urefu wa kiganja changu. Nikamwokota. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Ngozi yake ilichongwa mkunjo mmoja mmoja: magotini imejikusanya, shingoni imelegea, na kwenye masikio mishipa imetokeza. Nikamgeuza. Tumboni, kwa herufi ndogo zilizoinuka, kulikuwa na jina la kiwanda, neno Germany, na namba D-73527.

"Unampelekea mtoto, dada?" kijana aliuliza huku akipokea hela yake.

"Wangu mwenyewe."

Alinitazama kidogo, kisha akaingiza mkono ndani ya rundo na kuanza kuchambua. "Basi subiri. Nilimwona na faru humu."

Hiyo ilikuwa miaka 11 iliyopita. Leo nina wanyama 143 kwenye rafu mbili za sebuleni, na kila anayeingia kwangu mara ya kwanza huuliza watoto wako wapi. Watoto wapo, wa kaka yangu, wanakuja mwisho wa wiki. Lakini wanyama ni wangu. Nasema hivyo bila haya, kwa kuwa sijaona starehe ya bei ndogo iliyonipa furaha kiasi hiki na kunifundisha mambo mengi kiasi hiki.

Ile namba ilinikosesha usingizi mpaka nilipoitafuta. Kumbe ni msimbo wa posta wa Schwäbisch Gmünd, mji wa kusini mwa Ujerumani ambako kampuni ya Schleich ilikuwa na makao yake kwa miaka mingi. Friedrich Schleich aliianzisha mwaka 1935. Kwanza ilijulikana kwa wale vibwengo wa rangi ya bluu, Smurf, ambao ilianza kuwatoa mwaka 1965. Wanyama walikuja baadaye na ndio waliolisambaza jina lake duniani. Mwili hutoka kwenye kalibu, lakini sehemu kubwa ya rangi hupakwa kwa mkono. Ndiyo maana simba wawili waliotoka kwenye kalibu moja hawakutazami kwa namna moja. Mmoja tone jeusi la jicho limeangukia juu kidogo, anaonekana amestuka. Mwenzake limeangukia chini, anaonekana ameshiba. Anayenunua kwa haraka haoni hilo. Mimi huwapanga wote kwenye turubai, nainama mpaka macho yangu yawe sawa na yao, ndipo nachagua.

Tembo wangu wa kwanza amechubuka. Wako wakusanyaji wanaotaka mnyama mpya, asiye na doa, na karatasi yake ya bei shingoni. Hao wangempita. Mimi ninampenda kwa mchubuko huo. Upande wa kushoto wa mgongo kuna duara moja ambalo rangi imekwisha kabisa. Upande wa kulia kuna alama nne hafifu, zimefuatana. Ukimshika kutoka juu, kichwa kikielekea mbele, kidole gumba cha mkono wa kulia kinaingia kwenye lile duara na vidole vinne vinakaa kwenye zile alama. Basi kuna mtoto, mahali fulani, aliyemtembeza tembo huyu mezani na sakafuni siku baada ya siku kwa mkono wake wa kulia, hadi akakua. Mama yake akafunga mfuko, mfuko ukaingia kwenye belo, belo likapanda meli. Mtoto huyo sitamjua, lakini nikimshika tembo vidole vyangu vinakaa palipokaa vyake.

Furaha ya kwanza ya kazi hii, na ninaiita kazi kwa makusudi, ni ya jicho. Sisi tumezungukwa na picha za wanyama hata tumeacha kuziona. Noti yetu ya shilingi 10,000 ina tembo, ya 5,000 ina faru, ya 2,000 ina simba. Majirani zetu wa Kenya walipotoa sarafu mpya mwaka 2018 waliweka twiga kwenye shilingi 1, faru kwenye 5, simba kwenye 10 na tembo kwenye 20. Tunawatoa mfukoni mara 20 kwa siku. Lakini kabla ya ile Jumamosi ungeniuliza tembo ana kucha ngapi kwenye mguu wa mbele, ningekosa jibu. Tembo wetu wa nyika kwa kawaida ana kucha 4 mbele na 3 nyuma. Wa Asia kwa kawaida ana 5 mbele na 4 nyuma. Ncha ya mkonga wa tembo wa Afrika ina vidole viwili, wa Asia ana kimoja. Mgongo wa wetu umebonyea katikati. Wa Asia umeinuka kama mgongo wa kobe. Sikuyasoma haya darasani. Niliyagundua pale nilipoweka tembo wawili bega kwa bega nikashangaa kwa nini hawafanani, nikaenda kuuliza vitabu.

Tangu hapo siwezi kununua bila kukagua. Nimekutana na tembo mwenye masikio ya Afrika na mgongo wa Asia. Nimekutana na duma mwenye mabaka ya chui, yale ya kuzunguka kama ua, na asiye na ule mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni hadi mdomoni. Twiga ndiye aliyenisumbua zaidi. Twiga wa Kimasai, mnyama wa taifa letu, ana mabaka yenye kingo zilizochanika kama jani la mzabibu. Yule wa kaskazini mwa Kenya ana mabaka yenye kingo zilizonyooka, yametengwa na mistari myembamba myeupe, kama samaki aliyenaswa kwenye wavu. Turubai zote nilizopitia zilikuwa na huyu wa pili. Nilimtafuta twiga wetu mwaka mzima na miezi miwili. Nilipompata, alikuwa amevunjika pembe moja, na sikujali hata kidogo.

Kanuni yangu ni moja: wanyama wa Afrika, na kila jinsi mmoja tu, dume au jike. Wengine hukusanya mnyama mmoja wa kila kiwanda. Wengine farasi peke yao. Huko Marekani farasi wa plastiki wa Breyer, ambao wa kwanza alitengenezwa mwaka 1950 ili apambe saa ya mezani, wana tamasha lao la kila mwaka katika jimbo la Kentucky. Kanuni ni hiari ya mtu, ila lazima iwepo. Bila kanuni unarundika, hukusanyi. Kanuni ndiyo inayokufanya utamani mhanga wakati turubai limejaa simba, na kumkosa mhanga ni sehemu ya furaha. Kakakuona nilimpata baada ya miaka minne. Okapi, yule wa misitu ya Ituri huko Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya hawakumtambua mpaka mwaka 1901, alikuwa chini kabisa ya kiroba, amefungamana na kamba ya kuruka. Mbega bado. Komba bado.

Mwaka jana tulikuwa kwenye basi la Iringa na binti wa kaka yangu, ana miaka sita. Barabara ile inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na abiria ambao walikuwa wamesinzia wakaamka wote kwa pamoja. "Swala! Swala hao!" Yeye alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo. Akanivuta mkono. "Shangazi, hao ni pala. Wana M nyuma." Ni kweli, swala pala ana mistari mitatu myeusi, miwili mapajani na mmoja mkiani, na ukimtazama kwa nyuma inasoma M. Mzee mmoja wa kiti cha mbele akageuka kumtazama. Mtoto yule hakuwahi kuingia hifadhini. Alimjua pala kwa kumwogesha kwenye beseni, kumkausha kwa kitambaa na kumrudisha mahali pake kwenye rafu, kati ya kuro na nyumbu.

Nilidhani baba angeniona nimechanganyikiwa. Alikulia Maswa akichunga ng'ombe, na mambo ya midoli kwake ni ya watoto. Alipokuja kunitembelea baada ya mavuno, alisimama mbele ya rafu kimya, akashusha ng'ombe wa Kizungu mwenye mabaka meusi na meupe (sikumnunua, alikuja bure na wengine), akampapasa mgongoni kwa kidole.

"Hana nundu," alisema. "Ng'ombe gani huyu?"

Kisha akaniambia nimtafutie udongo.

Nilimletea wa mfinyanzi, kilo mbili. Akakaa kibarazani na ndoo ya maji. Alianza na kiwiliwili, akakivingirisha kama muhogo, akabana mabega kwa vidole viwili mpaka nundu ikainuka. Ndipo akavuta ngozi ya koo, ile inayoning'inia, nyembamba kiasi kwamba mwanga ulipenya. Miguu aliiweka mwisho na kuifanya minene, "maana asiposimama hana kazi." Pembe, alisema, zilikuwa miiba ya mgunga; hapa mjini alitumia vijiti vya kuchokolea meno. Alipokuwa mtoto kila mvulana alikuwa na zizi lake la vijiti kando ya mto na kundi lake la udongo, madume, mitamba na ndama, na waliuziana, wakakopeshana, wakalipana mahari. Mvua za kwanza zilipokuja, kundi lote liliyeyuka likarudi kuwa tope. "Tulianza upya," alisema. Hakusikitika alipokuwa akisimulia.

Ng'ombe yule alikauka dirishani kwa siku mbili, akapata ufa kwenye mguu wa nyuma. Baba alimwita kwa jina la dume mmoja wa babu ambaye mimi sikuwahi kumwona. Ukimwondoa yule wa Kizungu aliyekuja bure, ndiye mnyama pekee wa kufugwa kwenye rafu yangu, na ndiye wa thamani kuliko wote. Siku hizi najua kwamba ana ndugu mbali. Jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, limehifadhi ng'ombe wa udongo waliofinyangwa Sudan Kusini. Na katika magofu ya Mohenjo-daro, Pakistan, wamefukua fahali wa udongo mwenye kichwa kinachoitikia ukivuta uzi, wa miaka zaidi ya 4,000. Kabla hakijakuwepo kiwanda hata kimoja, mtoto wa mfugaji alikuwa na kundi lake.

Hata hao Wajerumani wa tembo wangu hawakuanza na plastiki. Katika kijiji cha Seiffen, milima ya Erzgebirge karibu na mpaka wa Cheki, wachimba madini ya bati waliishiwa kazi wakageukia ukerezaji wa mbao, na humo wakabuni ufundi ambao nikiufikiria bado naona maajabu. Mkereza huchukua kipande kibichi cha gogo la mti wa jamii ya msonobari, akakizungusha kwenye mashine yake na kukichimba kwa patasi mpaka kikawa pete nene. Ukiitazama pete huoni mnyama. Ni mabonde na matuta ya duara tu. Kisha anaipasua kwa kisu kutoka katikati kwenda nje, kama unavyokata keki, na kila kipande kinachoanguka ni farasi kamili kwa ubavu: shingo, mgongo, miguu, nafasi chini ya tumbo. Pete moja inatoa makumi ya wanyama. Fundi anapokereza hamwoni mnyama wake, anampima kichwani kwa ubavu ilhali mikono inachonga duara. Kinachobaki ni kuwaongezea masikio na mkia, kuwaviringa kingo na kuwapaka rangi. Wanyama hao waliingia kwenye safina za Nuhu za mbao, na katika nyumba nyingi za Waprotestanti wa karne ya 19 safina ndiyo iliyokuwa mchezo pekee ulioruhusiwa siku ya Jumapili, kwa kuwa ilitoka kwenye Biblia.

Lakini mnyama aliyenigusa kuliko wote hakuwa kwenye kanuni yangu, au ndivyo nilivyodhani.

Yule kijana wa Karume, ambaye siku hizi ananiita Dada Wanyama na kuniwekea kando anachodhani nitakipenda, alinikabidhi mjusi mkubwa mwenye shingo ndefu, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, na kipaji kilichovimba juu ya pua. "Huyu buku mbili, ni mkubwa." Nilikuwa nimrudishe, sikusanyi dinosaria. Kwa mazoea nikamgeuza. Tumboni palikuwa na neno Brachiosaurus, na chini yake jina la kampuni ya Kimarekani ambayo tangu mwaka 1982 inafanya biashara kwa neno letu sisi: Safari.

Mjusi huyo ni wa mkusanyo uliotengenezwa kuanzia 1988 hadi 2015 kwa ushirikiano na Makumbusho ya Carnegie ya Pittsburgh, kwa kipimo cha moja kwa arobaini. Basi nikafuatilia huyo aliyepunguzwa mara arobaini ni nani. Brachiosaurus wa kwanza alipewa jina mwaka 1903 na Elmer Riggs, Mmarekani, kwa mifupa ya Colorado iliyokuwa pungufu, bila fuvu. Kwa hiyo karibu karne nzima wachoraji na watengeneza midoli walipotaka kujua mnyama huyu alikuwa na sura gani, walimtazama mwingine, aliye mzima zaidi, mwenye fuvu na kile kipaji. Na huyo mwingine alitoka Tendaguru, mkoani Lindi.

Alichimbuliwa kati ya 1909 na 1913. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 na kusini yote ilikuwa na majeraha mabichi ya njaa na vifo. Jumba la makumbusho la Berlin likawatuma Werner Janensch na Edwin Hennig, na mamia ya watu wa kusini wakaajiriwa kuchimba, kufungasha na kubeba. Hapakuwa na reli wala gari. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa za mguu hadi bandari ya Lindi, na jumla yake ilizidi tani 200. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani, na wanasayansi wenyewe waliandika jinsi walivyomtegemea. Mwaka 2007 mnyama mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Waingereza nao walifika kuchimba kuanzia 1924, na miongoni mwao alikuwemo Louis Leakey akiwa bado kijana mdogo.

Mjusi mwenyewe alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Ana urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, na umri wa miaka milioni 150. Siku hizi wataalamu wengi wanamtenganisha na yule wa Marekani na kumwita Giraffatitan, yaani jitu la twiga. Mjadala wa kumrudisha nyumbani umewahi kufika hadi bungeni Dodoma, na mimi ni kati ya wanaoamini kwamba mtoto wa Lindi ana haki ya kumwona bila kuomba viza.

Fikirieni safari yake. Mifupa ilitoka Lindi ikaenda Berlin. Sura yake ikatoka Berlin ikaenda Marekani ikawa kalibu. Mdoli ukatoka kiwandani ukamfikia mtoto wa huko ng'ambo, akauchezea, akakua. Ukaingia kwenye belo, ukashuka bandari ya Dar es Salaam, ukamwagwa kwenye turubai Ilala, kilomita zisizofika 500 kutoka pale alipokufa mnyama mwenyewe. Nilimlipa kijana elfu mbili nikamweleza. Alimchukua tena mkononi akamtazama muda mrefu. "Kwa hiyo huyu mshikaji ni wa kwetu," alisema. Mama mmoja aliyekuwa akichagua viatu pembeni akasogea naye kumtazama. Jibu la mtoto wa kaka yangu wa darasa la tano lilikuwa fupi zaidi. Alimtoa kwenye meza nilikomweka peke yake, akampandisha kwenye rafu, kati ya tembo na twiga.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo linalonisumbua mpaka leo. Mikono yenye uwezo wa kutengeneza wanyama hawa tunayo. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza kuchonga huku Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi kwao akafundisha, na kutoka kwake ufundi ukaenea hadi Wakamba wakawa wachongaji wanaojulikana dunia nzima. Tabaka, kule Kisii, kuna viboko na tembo wa mawe laini. Kisiwani Kiwayu, Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto walikuwa wakiokota ndala zilizoletwa na mawimbi na kujitengenezea vitu vya kuchezea, na kutokana na michezo hiyo ikazaliwa kazi inayoitwa leo Ocean Sole, inayogeuza ndala chakavu kuwa twiga na simba wa rangi zote. Mwenge hapa Dar es Salaam unaweza kusimama nyuma ya fundi ukamwona akimtoa kifaru kwenye kipande cha mti kwa tezo peke yake, bila mchoro.

Lakini karibu wote wanamchongea mgeni. Bei ni ya mgeni, ukubwa ni wa kuweka juu ya kabati la mgeni, na wanyama ni walewale watano ambao mgeni amewasikia kwenye ndege. Fundi mmoja wa Mwenge nilimwomba anichongee kakakuona. Alicheka, akasema hakuna anayemuulizia. Nilimwekea yule wa plastiki mezani, akamgeuza, akahesabu magamba yake kwa ncha ya patasi, na baada ya wiki moja nilikuta ametengeneza wawili, mmoja wangu, mwingine amembakisha kwa ajili ya binti yake. Tangu siku hiyo sikubali mtu akiniambia hatuna soko. Soko la watoto wetu hatujalifungua tu.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni mfupi. Andika kwenye daftari kila mnyama ulimpata lini, wapi, kwa kiasi gani. Baada ya miaka daftari hilo litakuwa la thamani kuliko rafu. Mwoshe kwa maji na sabuni ya kawaida, asianikwe juani, na usimfungie kwenye mfuko wa plastiki, maana kwa joto letu plastiki laini hutoa utelezi na kuanza kunata. Wanyama wa zamani wa Kiingereza, waliotengenezwa hadi miaka ya 1960, wengi wao ni wa risasi. Wazuri sana, lakini mtoto mdogo anayetia vitu mdomoni asiwaguse. Na ukiletewa tembo aliyechongwa kwa jino la tembo, mkatae hata kama ni wa bure. Ni kosa la jinai, na ni mnyama aliyekufa ili afanywe sanamu yake mwenyewe. Ukinunua wa mpingo, nunua mmoja umtunze maisha yako yote. Mti huo unahitaji miaka 70 au zaidi kukomaa.

Ila zaidi ya yote, wape watoto wawashike. Najua wakusanyaji ambao wanyama wao wako nyuma ya kioo na mtoto akisogea anafukuzwa. Kwangu kila Jumamosi rafu hushushwa sakafuni. Nyumbu huvuka Mto Mara ambao ni kanga yangu ya bluu, mamba wanasubiri, mjusi wa Lindi anasimama kandokando kama mzee wa mtaa, na ng'ombe wa udongo anawekwa mbali na maji kwa sababu wote wanajua atayeyuka. Mguu wa fisi umeshavunjika mara mbili, nimeuunga kwa gundi. Rangi ya tembo inazidi kuisha, na sasa alama za vidole zimeanza kuwa za mikono mitatu, mikubwa na midogo.

Ombi langu ni kwa mafundi wa kusini. Lindi na Mtwara mnao wachongaji wa Kimakonde ambao ulimwengu mzima unawaheshimu, na mnao udongo, na mnao mnyama ambaye hakuna mkoa mwingine wa Tanzania unaoweza kumdai. Mchongeeni mtoto wa Lindi mjusi wake, wa ukubwa wa kiganja, kwa bei ambayo mzazi anayeuza korosho anaweza kuilipa. Na tumboni mwandike: Tendaguru.